Bei ya Jioni Moja

Wengi wetu tunaoandika tuna tabia ya kuikwepa hesabu. Tunasema hiyo ni kazi ya wenye maduka, sisi kazi yetu maneno. Mimi nimeshindwa kuikwepa, maana dada yangu ni mama ntilie, na daftari la biashara yake nalitunza mimi. Msomaji, ngoja nikueleze jinsi daftari hilo lilivyoingia mpaka ndani ya riwaya yangu.

Dada ana kibanda Manzese. Mchana anapika wali na maharage akisaidiwa na binti mmoja. Jioni ni supu na chapati, na hapo ni zamu yangu, kukaanga na kuuza. Jumapili tunapumzika. Siku moja akaja na wazo la kufuta jioni. "Mdogo wangu, jioni inatunyonya," akasema, na ushahidi alikuwa nao. Mauzo ya jioni kwa wastani ni shilingi 24,000. Unga, mafuta, nyama na mkaa, 20,000. Inabaki 4,000. Sasa kodi ya kibanda ni 4,000 kwa siku, na marejesho ya mkopo wa friji ni 6,000. Jumla 10,000, naye akaigawa katikati: mchana ubebe 5,000, jioni ibebe 5,000. Basi kila jioni tunakula hasara ya 1,000. Kesi imekwisha.

Wakati huo nilikuwa nasoma kitabu chakavu cha uchumi wa menejimenti, nilichokinunua kwa wauza vitabu vya mitumba. Elimu hii huchukua nadharia za uchumi na kumpa mwenye biashara azitumie kuamulia mambo yake. Mmoja wa walioijenga ni Profesa Joel Dean wa Marekani, aliyetoa kitabu chenye jina hilohilo mwaka 1951. Swali lake kubwa ni jepesi ajabu: nikiamua hivi, kitabadilika nini? Kisichobadilika, kiache nje ya hesabu.

Mfano unaotajwa sana ni wa shirika la ndege la Continental la huko Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndege zake zilikuwa zikiruka na karibu nusu ya viti vitupu. Ukigawa gharama zote za shirika, baadhi ya safari zilionekana za hasara tupu. Wakubwa wake wakauliza: tukiifuta safari hii, tutaokoa nini hasa? Ndege imeshanunuliwa, ofisi zipo. Kama nauli zinazidi gharama zinazoletwa na safari yenyewe, ndege iruke.

Nikamuuliza dada: tukifunga jioni, mwenye kibanda atapunguza kodi? Akacheka. Na wenye mkopo wao? Akanyamaza. Basi ile 4,000 inayobaki ndiyo inayosaidia kulipa kodi na friji. Tukifunga, deni linabaki palepale, 4,000 inaondoka.

Hapo ningeweza kupiga kifua na kujiona mchumi. Lakini kitabu kile kina makali pande zote mbili. Kinasema gharama siyo tu pesa inayotoka mfukoni. Ni pamoja na kile unachokiacha ili ufanye hiki. Katika daftari la dada jasho langu lilikuwa bure. Na kumbe mwenye steshenari mtaa wa pili alikuwa tayari kunilipa 3,000 kwa jioni nimchapie barua na kutoa fotokopi, saa zilezile za chapati.

Nikarudi kwenye daftari, safari hii nikiachana na wastani, maana wastani huficha mengi. Nikaangalia jioni mojamoja. Ijumaa na Jumamosi watu wana pesa: inabaki 8,000 kila jioni. Jumatatu hadi Alhamisi inabaki 2,000 tu. Kwa hiyo jioni mbili zinalipa sana, na jioni nne hazifikii hata ile 3,000 ya steshenari.

Tukakubaliana: chapati Ijumaa na Jumamosi. Zile jioni nne zikawa mikononi mwangu. Wanaojua hesabu watasema zote niende steshenari nilete 12,000. Nikasema hapana. Mbili nakwenda, mbili nabaki chumbani na kaunta buku langu, naandika.

Hapo ndipo hesabu ilipogusa moyo, bwana. Miaka yote nilidhani kuandika ni bure, kalamu na karatasi basi. Sasa najua riwaya yangu ina bei: 6,000 kila wiki, pesa ambayo ingeweza kuwa unga wa nyumbani. Hiyo siyo sababu ya kuacha. Ila sasa nikikaa mezani siwezi kuchezea jioni nzima nikitafuta jina zuri la mhusika. Ukurasa lazima uonekane.

Uchumi haukuniambia kama riwaya inastahili bei hiyo. Hilo halimo katika daftari lolote. Umeniwekea bei mezani, ukaniachia niamue.

Jioni nne zile zilikuwa zikimpa dada 8,000 kwa wiki. Sasa namkabidhi 6,000 ya steshenari. Wiki ya kwanza alizihesabu mara mbili, akachukua daftari, akaandika kwa mkono wake: "Mdogo wangu, 2,000, deni." Nikamuuliza nilipe lini. Akasema, kitabu kikitoka.