Kufukua na Kufukia: Kwa Nini Malumbano ya Kale Yaachwe Yalale

Lugha yetu ina jozi za vitenzi ambazo sikuchoka kuwaandikia wanafunzi ubaoni: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, fumba na fumbua, fukia na fukua. Kiambishi kidogo kinachoingia mwishoni hugeuza kitendo kizima. Hata hivyo, ukitazama kwa makini utaona kwamba hakirejeshi hali ya mwanzo. Nguo iliyokunjuliwa hubaki na alama za mikunjo, na udongo uliofukuliwa haurudi shimoni ukakaa kama ulivyokaa kwanza. Nadhani ndiyo maana Watanzania wanapomwonya mtu anayeibua ugomvi uliokwisha humwambia aache kufukua makaburi. Wanajua fika kwamba kaburini mna kitu. Wanachomkumbusha ni kuwa mwenye kaburi hawezi kuamka akajitetea.

Napenda kulijadili jambo hili kwa upande wa ushairi, kwa kuwa sidhani kama ipo fani nyingine ya Kiswahili inayopenda kujibizana kuliko hiyo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, alilumbana kwa tungo na washairi wa miji mingine ya pwani. Karne iliyofuata malumbano yakahamia magazetini. Mambo Leo, lililoanza kuchapishwa mwaka 1923, lilitenga nafasi ya mashairi, na magazeti ya baadaye kama Ngurumo, Uhuru na Mzalendo yakaendeleza desturi hiyo. Mshairi wa Tanga aliweza kutupa swali, wa Tabora akalijibu, wa Dodoma akamkosoa wa Tabora, na wote wakaanza kwa kumwomba mhariri nafasi. Barua zilisafiri kwa posta, hivyo hoja moja iliweza kuzunguka nchi kwa miezi. Kisha ulifika wakati mhariri akasema yatosha.

Wako waliomlaumu mhariri kwa hilo, wakidai kwamba hoja haizeeki. Mimi namtetea kwa sababu tatu. Kwanza, ukurasa una mipaka yake, na kila jibu la swali la zamani hukalia nafasi ya muulizaji mpya anayesubiri mlangoni. Pili, malumbano yana mfuatano. Anayekuja mwisho akalijibu shairi la kwanza bila kusoma la tano wala la kumi hurudia yaliyokwisha kusemwa, na pengine yaliyokwisha kukubaliwa. Tatu, na hii ndiyo nzito kuliko zote, yule unayemjibu huenda hayupo tena.

Hiyo ya tatu niliishuhudia hapa Karatu. Nilikuwa na rafiki, mwalimu mwenzangu aliyenitangulia kazini kwa miaka kadhaa, mtu wa arudhi kwelikweli. Katika miaka ya sabini alipeleka gazetini shairi kali la kuwashutumu watungaji wa mashairi huru. Miaka mingi baadaye, yeye akiwa amekwisha kuzikwa huko Oldeani, mtu mmoja alilikuta shairi lile katika magazeti ya zamani, akatunga jibu kwa bahari ile ile na vina vile vile. Alimwita kwa lakabu yake, akamwambia ajitokeze ikiwa ni mwanamume. Jibu likasambaa kati ya washairi wa huku, likashangiliwa kwa ufundi wake. Binti wa marehemu akaja nyumbani kwangu na nakala mkononi.

"Shikamoo, baba," alisema. "Nimekuja unisaidie. Huyu anataka nani amjibu?"

"Marahaba, mwanangu," nikamwitikia, nikaisoma nakala ile mara mbili.

Kilichonisikitisha si matusi, kwani malumbano yetu yana chumvi yake tangu zamani. Kilichonisikitisha ni kwamba aliyeshambuliwa alikuwa ametoweka hata kabla ya kufa. Rafiki yangu alibadilika. Katika miaka yake ya mwisho kazini alikifundisha Kichomi cha Euphrase Kezilahabi kwa mapenzi makubwa, na katika daftari la mazoezi, lile la kurasa arobaini, aliandika mashairi yasiyo na vina aliyonisomea mimi peke yangu. Mjibuji hakuyajua hayo, na hakuwa na njia ya kuyajua, kwa sababu kipande cha gazeti hakikui pamoja na mtu aliyekiandika.

Tuukumbuke mjadala wenyewe ulivyokwenda. Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na kwa miaka mingi kikawa kipimo cha wengi. Kichomi kilipotoka mwaka 1974, wako waliouliza kama tungo zisizo na vina wala mizani zastahili kuitwa mashairi. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi wakaleta Malenga wa Bara mwaka 1976, kisha Kunga za Ushairi na Diwani Yetu mwaka 1979, wakiitazama upya asili na maana ya ushairi. Vumbi lilitimka, maneno makali yakasemwa pande zote mbili, lakini kazi ilifanyika. Leo mwanafunzi wa sekondari hufundishwa mashairi ya kimapokeo na mashairi huru, akaelezwa tofauti zake, akaachiwa achague kalamu yake. Mtu anayeanza upya mwaka huu kwa maneno ya mwaka 1974 huyafuta mafunzo yote ya katikati, kana kwamba tumekaa nusu karne tukimsubiri yeye.

Sheria za nchi nazo zimeliona jambo hili. Sheria yetu ya ukomo wa madai, ya mwaka 1971, humpa mdai wa ardhi miaka 12 ya kwenda mahakamani, na mdai wa mkataba miaka 6. Ukomo huo haumaanishi kwamba dhuluma ikikaa sana hugeuka haki. Mantiki yake ni kwamba mashahidi hufa, hati hupotea, kumbukumbu huchuja, na watu hujenga maisha yao juu ya yale yaliyokwisha kutulia.

Je, basi kila la zamani lisiguswe? Hapana, na jibu langu nalitoa Laetoli, ng'ambo ya kreta yetu, kusini mwa Oldupai. Huko, mwaka 1978, kikundi cha Mary Leakey kilikuta mstari wa nyayo zilizopigwa katika majivu ya volkeno zaidi ya miaka milioni tatu na nusu iliyopita. Mwaka uliofuata zilifukiwa ili zihifadhiwe. Lakini katika udongo uliotumika mlikuwa na mbegu za migunga; miti ikaota, na mizizi ikatishia kupasua kile kilichofunikwa kwa nia njema. Katika miaka ya 1995 na 1996 wataalamu walilazimika kufukua, kuondoa mizizi, kutengeneza palipoharibika na kufukia tena kwa uangalifu zaidi. Hapo kufukua kulikuwa na sababu, nako kulimalizika kwa kufukia.

Kuna jambo jingine la hapo hapo Laetoli. Nyayo chache zilizogunduliwa mwaka 1976, mahali pengine kidogo, zilikuwa na umbo la ajabu, hata ikapendekezwa kwamba huenda ziliachwa na dubu aliyetembea kwa miguu ya nyuma. Kwa miaka mingi hazikushughulikiwa sana. Mwaka 2019 watafiti walizifukua tena, wakazisafisha, wakazipima, wakazilinganisha na nyayo za dubu, za sokwe na za binadamu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: hizo ni nyayo za kiumbe wa ukoo wetu aliyetembea kwa miguu miwili. Hoja ya miaka zaidi ya arobaini ilifunguliwa na ikastahili kufunguliwa, kwa kuwa waliofungua walikuja na vipimo vipya. Wala hawakumfokea aliyefikiria dubu.

Kwa mifano hiyo najiwekea masharti ya kufungua jambo la kale, na nawapendekezea washairi wenzangu. Anayefungua awe na kitu kipya mkononi: ushahidi, swali, au jicho ambalo wale wa kwanza hawakuwa nalo. Awe amesoma mjadala wote hadi tamati yake. Asimwite marehemu ajibu, wala asimdai aliye hai msimamo wa ujana wake. Na aanzishe shairi lake jipya, lenye anwani yake, alitaje lile la zamani kama mzazi badala ya kulishika shati. Vya kale vitunzwe, tena vitunzwe sana. Tungo za Muyaka tunazo kwa sababu wapo waliozikusanya na kuzinakili baada yake. Tunazisoma, tunazichambua, tunajifunza kwazo, lakini hatumtumii majibu Muyaka.

Binti wa rafiki yangu nilimshauri asitunge chochote kwa jina la baba yake. Nilimwomba badala yake daftari lile la kurasa arobaini, ikiwa bado lipo. Lipo. Ameanza kulinakili jioni, shairi moja baada ya jingine, na mimi humsaidia pale mwandiko unapokataa kusomeka. Litakapokamilika watu watamwona mtu mzima mwenye safari yake, nao watamhukumu wakiwa na habari kamili.

Na kwa wenye hamu ya kulumbana, huku kwetu liko swali bichi ambalo sijaliona likijibiwa. Katika mizani za Kiswahili, "m" ya "mtu" huhesabiwa peke yake, kwa kuwa ni silabi kamili. Karatu ni nchi ya Wairaqw, na watoto wengi tuliowafundisha utunzi walizungumza Kiiraqw nyumbani, lugha ya Kikushi yenye maneno yanayoishia kwa konsonanti. Slufay, maombi ya kishairi ambayo mzee huyatamka mbele ya watu nao wakamwitikia, yana mapigo yake yasiyofuata hesabu zetu za kumi na sita. Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza neno "Iraqw" lina mizani ngapi anapoliweka katika mshororo. Ukilitamka "Iraku", kama wanavyofanya wageni wengi, unapata tatu. Ukilitamka kama mama yake anavyolitamka, hesabu inabadilika. Nani yuko tayari kulianza?