Adui wa Upande wa Pili

Katika ujana wetu tuliupenda mno mchezo wa kompyuta uitwao Half-Life, uliotolewa mwaka 1998. Humo mchezaji ni Gordon Freeman, mtaalamu wa fizikia katika maabara ya Black Mesa, Marekani. Askari waliopelekwa huko huwaua wanasayansi, nasi tuliwachukia kwelikweli.

Mwaka 1999 ikatoka nyongeza yake, Opposing Force. Ni fupi kuliko mchezo wa asili. Lakini humo mchezaji ni Adrian Shephard, mmoja wa askari wale wale. Ndege yake huanguka kabla hajaelezwa alichotumwa, na azindukapo wenzake wameanza kuondoka. Tukamwona tabibu wao akiwaganga majeruhi, tukawahurumia. Uovu wao haukufutika, ila walikuwa watu.

Wakati huo tulikuwa na mwaka mzima hatusemezani na kaka yetu kwa ajili ya shamba la marehemu baba, na kisa chake tukikisimulia kwa upande wetu tu. Asubuhi yake tulikwenda kumsikiliza. Shamba hatukulipata, ndugu tulimpata.