Shaba Moja, Inchi Mbili: Kutoka Mashamba Mupaka Kitwe

Kuko ulizo moja ambalo vijana wa Kolwezi wanauliza sana, kule Manika, kule Kapata, hata inje ya kanisa kiisha ibada: "Kama udongo wetu uko na mali kuliko ule wa jirani, sababu gani bunga ya bukari inatoka kwa jirani?" Ulizo hili linaomba jibu, si makelele. Mwezi huu tufanye safari pamoja, kutoka Mashamba mupaka Kitwe katika inchi ya Zambia. Tuangalie kwa macho, kiisha tupige hesabu.

PAHALI PANAPOITWA MASHAMBA

Kila mutoto anajua maana ya neno mashamba. Lakini kwetu, mutu akisema Mashamba, hakuna anayefikiri muhogo wala mahindi. Watu wanafikiri shimo. Mashamba Mashariki na Mashamba Magharibi ni machimbo makubwa ya wazi yaliyofunguliwa wakati wa Gécamines. Leo Mashariki iko mukononi mwa kampuni ya KCC. Magharibi, pamoja na Dikuluwe, ilitiwa katika Sicomines, kampuni ya ushirika ya Wakongo na Wachina iliyotokana na mapatano ya 2008: shaba na kobalti upande mumoja, barabara na hopitali upande mwingine. Katika 2024 mapatano yale yaliongewa upya, na feza za ujenzi zikapandishwa kutoka dola miliari 3 mupaka miliari 7.

Ukisimama kandokando ya njia utaona vilima vya mawe yaliyotupwa, virefu kuliko munara wa kanisa. Kamyo kubwa zinapanda polepole na vumbi linafuata nyuma. Na pale chini, pahali udongo ungali udongo, mama mumoja analima mistari yake ya muhogo. Kama kampuni itaomba pahali pale kesho, hajui atalima wapi.

NJIA YA KASUMBALESA

Kutoka Kolwezi tunavuka muto Lualaba, tunapita Fungurume na Likasi, na kiisha kilometa 300 hivi tunafika Lubumbashi. Mbele yake, kilometa 90 hivi, ni Kasumbalesa, mulango wa Zambia.

Mutu anayetaka kufahamu inchi zetu mbili asianzie ku ofisi ya waziri. Akae saa mbili ku Kasumbalesa, ahesabu kamyo. Zinazotoka zimebeba mabamba ya shaba yaliyofungwa kwa kamba za chuma. Zinazoingia zimebeba sulfuri, asidi na chokaa kwa ajili ya viwanda vyetu, na tena mahindi, bunga, sabuni na mafuta. Tunatoa jiwe, tunaingiza chakula.

Mupaka wenyewe ni mutoto wa juzi. Katika 1890 Mwingereza Alfred Sharpe alifika Bunkeya kumuomba Mwami Msiri atie sahihi ku barua ya mapatano. Msiri akakataa. Tarehe 20 Disemba 1891, watu waliotumwa kwa ajili ya Léopold, mufalme wa Ubelgiji, wakamuua, na Katanga ikatiwa ndani ya Kongo. Katika 1894 Waingereza na Léopold wakapatana juu ya mupaka. Walamba, Wakaonde na Walunda wakajikuta huku na kule, jamaa moja chini ya bendera mbili. Shaba nayo ilibaki chini ya udongo, imepita toka upande mumoja mupaka mwingine bila kuomba pasporti.

UPANDE WA PILI

Muji wa kwanza ni Chililabombwe. Kiisha ni Chingola pamoja na shimo kubwa la Nchanga, halafu Kitwe. Mutu wa Kolwezi hatajisikia mugeni. Vilima vya taka ni vile vile, vumbi ni lile lile, bukari ni ile ile, ila wao wanaiita nshima. Kibemba cha ku soko kinafahamika na watu wengi wa Likasi na Lubumbashi.

Tofauti zinaonekana polepole. Ukiwauliza wazee wa Kitwe juu ya nyumba zao, watakueleza habari za ZCCM, kampuni ya serikali iliyokuwa mama wa migodi yote, kama Gécamines kwetu. Ilitunza mufanyakazi toka kuzaliwa mupaka kuzikwa. Ilipouzishwa vipande vipande, kati ya 1997 na 2000, maelfu ya watu walipoteza kazi. Lakini wafanyakazi wengi waliuzishiwa nyumba walimokaa. Kazi ilikwisha, paa ilibaki juu ya kichwa. Kwetu, katika 2003 na 2004, watu zaidi ya 10,000 waliondoka Gécamines kwa mupango uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Walipewa feza mara moja, na feza ya mara moja haikai ndani ya nyumba yenye watoto wanane.

TUGAWANYE KWA VICHWA

Sasa hesabu. Katika 2024 Kongo ilitoa tani zaidi ya milioni 3 za shaba. Zambia ilitoa tani 820,670. Mugodi mumoja tu wa Kamoa-Kakula, upande wa magharibi wa Kolwezi, ulitoa tani 437,061 mwaka ule, ni kusema zaidi ya nusu ya shaba yote ya Zambia. Na kobalti, tuko karibu peke yetu: zaidi ya tani 70 katika kila 100 za dunia zinatoka kwetu.

Lakini mama anayegawa bukari haangalii ukubwa wa chungu tu, anahesabu na sahani. Kongo iko na watu zaidi ya milioni 100. Zambia, katika hesabu ya watu ya 2022, ilikuwa na milioni 19 na nusu hivi. Ukigawanya shaba kwa vichwa, Mukongo mumoja anapata karibu kilo 30. Muzambia mumoja anapata karibu kilo 40. Basi wimbo huu wa kwamba sisi ni matajiri kuliko wote tuuimbe kwa sauti ndogo. Chungu chetu ni kikubwa, na sahani ni nyingi zaidi.

Hata hivyo kilo 30 na kilo 40 haziachane sana. Maisha yanaachana zaidi. Katika 2022, Wazambia 48 hivi katika 100 walikuwa na umeme nyumbani. Kwetu walikuwa 21 hivi. Na hapa Kolwezi tunaishi karibu na mabwawa ya Nzilo na Nseke, na waya kubwa inayoleta umeme kutoka Inga, zaidi ya kilometa 1,700, inafikia hapa hapa. Inapita juu ya vichwa vya watu wanaowasha kandili, inaenda kiwandani. Katika hesabu ya Umoja wa Mataifa juu ya maendeleo ya watu kwa mwaka 2022, inayotazama masomo, afya na feza za nyumba, Zambia ilikuwa ya 153 kati ya inchi 193. Kongo ilikuwa ya 180.

TULIANGUKA PAMOJA

Inchi hizi mbili zilianguka pamoja. Bei ya shaba ilipovunjika kati ya 1974 na 1975, zote mbili zilianza kukopa. Zambia, iliyotoa zaidi ya tani 700,000 katika 1969, ilishuka mupaka tani 250,000 hivi katika 2000. Gécamines, iliyotoa tani 476,000 katika 1986, iliona mugodi wa Kamoto ukibomoka katika Septemba 1990, na katika 1993 haikufikisha tani 50,000.

Lakini namna ya kuanguka haikuwa moja. Kolwezi iliona vita katika 1978. Katika 1991 maduka yaliporwa. Katika 1992 na 1993 maelfu ya familia zilizotoka Kasai zilifukuzwa hapa na Likasi, zikalala ku gare zikingojea treni, na watoto wengine walizikwa pale pale. Walioondoka walikuwa pia walimu, mafundi na waganga wetu. Halafu vita ya 1996 na ile ya 1998. Wazambia walikuwa na njaa katika miaka ile, lakini hawakuwa na vita. Toka 1991 wamebadilisha chama cha utawala kwa kura mara tatu, na mutu aliyeshindwa alirudi nyumbani kwake. Amani haionekani ku hesabu ya tani, lakini ni yenyewe inaacha mwalimu abaki darasani.

BUNGA NA MASOMO

Zambia ilifanya tena mambo mawili ya wazi. Ya kwanza ni jembe. Kwa miaka mingi serikali yao inawasaidia wakulima wadogo kupata mbolea na mbegu za mahindi kwa bei nafuu. Mwaka wa mvua nzuri wanashiba na wanauzisha, na Katanga inakula. Mwaka wa mvua mbaya wanafunga mupaka, na mama wa Kolwezi anayenunua bunga kwa meka anajua habari mbele ya redio kutangaza. Wakubwa wetu nao walijaribu: wakati fulani serikali ya Katanga iliomba kila kampuni ya migodi ilime hektari 500. Mawazo yalikuwa mazuri, lakini kampuni inayotafuta shaba hailimi kwa moyo.

Ya pili ni masomo. Toka Januari 2022 mutoto wa Zambia anasoma bila kulipa mupaka mwisho wa sekondari katika masomo ya serikali. Mwaka ule ule, mufuko wa maendeleo wa kila jimbo la uchaguzi ulipandishwa kutoka kwacha milioni 1.6 mupaka milioni 25.7, kwa ajili ya madarasa, visima na kufundisha vijana kazi ya mikono. Kila mutu anajua kiasi, basi kila mutu anaweza kuuliza: "Ziko wapi?" Kwetu, masomo ya primeri ni bure toka Septemba 2019. Ni jambo kubwa. Lakini mutoto anapomaliza primeri, baba anaanza kuhesabu franga, na shimo liko karibu kuliko sekondari.

USIFIKIRI NI PARADISO

Kijana asiuze baiskeli yake leo kusudi ahamie Kitwe. Katika 2022 serikali ya Zambia yenyewe ilihesabu kwamba watu 60 katika 100 ni masikini, na ku vijiji ni karibu 79. Ni kusema, yule anayelima mahindi tunayokula ni masikini kuliko mutu wa muji anayeyasaga. Katika Novemba 2020 Zambia ilishindwa kulipa deni lake. Katika 2024 mvua ilikosekana, bwawa la Kariba likapunguka, na watu walikaa siku nzima bila umeme. Katika Februari 2025 bwawa la taka za kiwanda cha shaba karibu na Chambishi lilipasuka, asidi ikaingia muto Kafue, na Kitwe ikakosa maji ya bomba.

Na mashimo yanaua pande zote mbili. Ku KOV, hapa kwetu, wachimbaji wa mukono zaidi ya 40 walizikwa na udongo katika Juni 2019. Ku Chingola, katika Disemba 2023, mvua iliangusha udongo juu ya wachimbaji zaidi ya 30. Mama aliyelia kwa Kiswahili na mama aliyelia kwa Kibemba walilia machozi moja.

NENO KWA FAMILIA

Tumejifunza nini njiani? Kwamba jiwe halimulishi mutu. Linaweza kuwa masomo, umeme, maji na bunga, kama kuko watu wanaoligeuza na watu wanaowauliza. Zambia iko na jiwe dogo, na imegeuza sehemu kidogo zaidi. Hiyo tu.

Kuuliza si uasi. Sheria yetu ya migodi ya 2018 inasema wazi: katika kodi ya madini, sehemu 25 kwa 100 ni ya jimbo, na 15 kwa 100 ni ya komini ao sekteri pahali mugodi uliko. Tena kampuni inapaswa kutoa 0.3 kwa 100 ya mauzo yake kwa ajili ya wenyeji wa karibu. Mutu asiyejua namba hizi anaomba sadaka. Anayezijua anaomba haki yake.

Na wewe kijana, ile siku ya Kasulo, katika 2014, watu walipopata kobalti chini ya nyumba zao, walichimba mupaka chini ya kitanda. Miaka mitatu kiisha, familia nyingi ziliondoshwa pale. Kobalti ilitoka mara moja. Shamba linatoa kila mwaka, na cheti cha masomo hakiondoshwi na mutu.

Maulizo ya kuzungumuza nyumbani, kiisha chakula cha jioni:

1. Bunga tuliyokula leo ilitoka wapi? Nani katika nyumba hii angeweza kuilima?

2. Katika mutaa wetu, ni kitu gani kimoja kilichojengwa kwa feza ya mugodi? Kingali kinatumika?

3. Ni nani anayesimamia zile 15 kwa 100 za komini yetu, na nani kati yetu ataenda kumuuliza kwa heshima?