Uani Nako ni Nyumbani

Msafiri apitaye Bonga kwa basi la kwenda Kondoa na Dodoma huziona nyumba zetu kwa mbele tu. Huona ukuta wa tofali za kuchoma, bati, na veranda yenye nguzo mbili zilizopakwa rangi. Pengine husema moyoni, "Hawa watu wamejitahidi." Ni kweli, tumejitahidi. Lakini hajaona nyuma ya nyumba, na huko nyuma ndiko mama anakoimalizia siku yake.

Hebu tuhesabu pamoja, mama mwenzetu. Kuosha vyombo ni uani. Kufua ni uani. Kuchambua mboga, kupepeta mchele, kupukuchua mahindi, kumwogesha mtoto, kumsuka binti nywele, kuzungumza na jirani aliyekuja kuazima ungo, yote ni uani. Na kazi hizi zote wengi wetu tunazifanya tumeinama au tumekalia kigoda kifupi juu ya udongo mtupu. Kiangazi ni vumbi, masika ni tope.

Sisi tunaoandika haya ni akina mama majirani ambao nyua zetu zinapakana. Tulikuwa tukicheza upatu kwa muda mrefu, na kila aliyepata zamu alinunua masufuria, vitenge au godoro. Ndipo tulipokubaliana kwamba kwa mzunguko mmoja fedha ya kila zamu ijenge kibaraza nyuma ya nyumba. Leo kila mmoja wetu anacho. Hakuna viwili vinavyofanana, kwa sababu kila kiwanja kina mteremko wake na kila mfuko una kipimo chake. Tungependa kukueleza tuliyojifunza, huenda yakakufaa.

Paa lililokuwa uwanja wa kazi

Wazee wetu wa upande huu, Wagorowa, Wairaqw na Warangi, walijenga tembe. Nyumba ilikuwa fupi, kuta zake za miti na udongo, na paa lake lilikuwa bapa, limetandikwa fito na kufunikwa udongo. Paa lile halikuwa la kuzuia mvua tu. Nafaka ilianikwa juu yake, mbali na kuku na mbuzi, nayo ikakauka kwa jua na upepo.

Bati lilipokuja, tulifurahi, na hatutaki kurudi nyuma. Bati linatupa maji ya mvua ya kuchota, na halihitaji kusiribwa kila mwaka. Lakini paa la bati limeinama, haliwezi kubeba mahindi. Kazi iliyokuwa juu ikashuka chini, na hakuna aliyeifikiria mahali pake. Fundi hutuchorea vyumba vitatu na sebule, akishafunga mlango wa nyuma anahesabu nyumba imekwisha.

Watu wa mahali pengine nao wana namna yao ya kujiinua kutoka ardhini. Unguja na Lamu wana baraza za mawe kando ya mlango wa mbele, ambapo watu hukaa jioni wakizungumza. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Dar es Salaam, zina ukumbi katikati na vyumba pande mbili, na nyuma kuna ua wenye jiko, bafu na choo. Wamarekani hujenga nyuma ya nyumba jukwaa la mbao la kupumzikia na kuchomea nyama. Sisi tulikuwa na kichanja, kile cha miti na fito cha kukaushia vyombo. Kwa hiyo tunachokisema si kigeni. Ni kichanja kilichopanuliwa ili na mama mwenyewe apate nafasi.

Si suala la urembo tu

Mwaka 2016 watu wa mikoa ya Dodoma na Manyara, mkoa wetu huu, walipatwa na ugonjwa uliotokana na sumukuvu. Watu wapatao 20 walipoteza maisha. Sumu hiyo hutokana na kuvu wanaoota kwenye mahindi, karanga na nafaka nyingine ambazo hazikukauka vizuri. Kuvu hao huishi kwenye udongo, na mahindi yanayoanikwa juu ya udongo huwa rahisi kuambukizwa. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, na ugali unaweza kuonekana mweupe kabisa huku umeibeba.

Tangu hapo hatukuanika tena chini. Mahindi yetu hukauka juu ya turubai lililotandikwa kwenye sakafu iliyoinuliwa, au juu ya kichanja. Kabla ya kuyaweka ghalani huwa tunayapima kwa chumvi. Unatia mahindi kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo, unaongeza chumvi kavu, unatikisa vizuri, kisha unaiacha kwa dakika 15. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji, yarudi juani. Isipogandamana, yamekauka.

Aina nne tulizojenga

Ya kwanza, na ya bei nafuu kuliko zote, ni benchi la tofali lililoshikamana na ukuta wa nyuma. Mwenzetu mmoja alitumia tofali za kuchoma zilizobaki alipojenga nyumba. Urefu wa kwenda juu ni sentimita 45, na upana wa kukalia ni sentimita 45. Kwa kimo hicho mtu mzima hukaa na kuinuka bila kushika magoti. Mwishoni mwa benchi aliacha sehemu fupi zaidi, ya sentimita 25, ya kuwekea beseni la kufulia. Bati la nyumba lilikuwa tayari limetoka nje ya ukuta, akaliongeza kidogo ili kivuli kifike miguuni.

Ya pili ni sakafu ya zege yenye paa. Hii ndiyo tuliyoipenda wengi. Ondoa kwanza udongo wa juu wenye majani, panga mawe, yashindilie, ndipo umwage zege la unene wa inchi 4. Kipimo chetu kilikuwa ndoo 1 ya saruji, ndoo 2 za mchanga na ndoo 4 za kokoto. Sakafu iinamie nje, sentimita 2 kwa kila mita, ili maji yasirudi mlangoni. Imwagilie maji kwa siku 7, usiiache ikauke haraka. Tena mwambie fundi asiisugue mpaka ing'ae. Sakafu inayong'aa inapendeza macho, lakini ikilowa sabuni inaangusha watoto na wazee. Upana wa mita 2 na nusu unatosha kutandika mkeka na mtu bado akapita na ndoo kichwani.

Ya tatu ni jukwaa la mbao. Limemfaa yule ambaye kiwanja chake kinateremka kuelekea bondeni, kwani kujaza mawe na zege hadi usawa wa mlango kungemgharimu sana. Alisimamisha nguzo za mikaratusi, akalaza mbao za kubebea, kisha akapigilia mbao za kukanyagia juu yake. Kati ya mbao na mbao aliacha nafasi ya sentimita 1 hivi, ili maji yapite na mbao zisioze. Adui mkubwa huku kwetu ni mchwa. Kwa hiyo nguzo zake hazikufukiwa udongoni, zimekaa juu ya vitako vya zege vinavyoonekana, na kila wiki hutazama kama mchwa wanapanda. Watu wengi hupaka oili chafu. Sisi tunashauri mbao zilizotiwa dawa kiwandani, na isipakwe oili mahali popote ambapo nafaka huanikwa au mtoto hutambaa. Jukwaa likifika kimo cha goti au zaidi, weka kizuizi pembeni. Mtoto wa mwaka mmoja haoni ukingo.

Ya nne ni kivuli cha mpasheni. Aliyekijenga hakuwa na fedha ya bati. Alisimamisha nguzo nne, akafunga fito na waya juu, akapanda mipasheni pembeni. Haikufika miaka miwili, juu kulikuwa kumefunikwa kijani na watoto wanakunywa juisi. Chini alitandika mawe bapa na kujaza mchanga katikati. Mvua kubwa hupenya, na yeye hilo analijua. Lakini saa 9 alasiri, jua la magharibi linapowaka, wote tunahamia kwake.

Kwa aina yoyote utakayochagua, kuna mambo mawili usiyasahau. Tazama maji ya bati yanamwagikia wapi, uchimbe mfereji au uweke pipa kabla ya masika, la sivyo msingi utaliwa. Pia jiko la kuni libaki mbali. Kibaraza kikigeuzwa jiko, moshi wote huingia ndani kwa mlango wa nyuma, na moshi huo ni moja ya sababu za nimonia kwa watoto wadogo.

Kuzungumza na baba

Tusifiche, jambo gumu halikuwa saruji. Lilikuwa kuwaeleza waume zetu kwa nini fedha iende nyuma ya nyumba, mahali ambapo mgeni hafiki. "Mbona veranda ipo mbele? Kakae huko," aliambiwa mmoja wetu. Naye hakugombana. Alimwomba baba Neema wahesabu pamoja kwa wiki moja nani amekaa wapi. Makochi ya sebuleni yalikaliwa Jumapili, na jioni moja alipokuja mjumbe. Veranda ya mbele ilikuwa na baiskeli na magunia ya mbaazi. Siku zote saba, familia nzima ilikuwa uani, pamoja na baba mwenyewe, ambaye hula chakula chake cha jioni huko kwa sababu ndiko kuna hewa.

Katika nyumba hiyo aliishi pia mama mkwe, magoti yake yameisha nguvu. Kigoda hakukiweza tena, na kwenye tope alikuwa akiogopa kuteleza. Basi alishinda chumbani, kitandani, ameelekea ukutani, akisikia sauti zetu nje. Baba Neema alipokuwa akipimiana maneno na mkewe juu ya gharama, bibi aliita kutoka ndani: "Mnijengee mimi, basi." Mambo yakaishia hapo.

Walijenga benchi lenye kiegemeo na vyuma viwili vya kushikia. Bibi akawa anatoka asubuhi na kurudi ndani jioni. Alichambua maharage, alipukuchua mbaazi, alituonya tulipozungumza upuuzi, na aliwafundisha wajukuu majina ya Kigorowa ya miti ya Kwaraa, ambayo sisi wenyewe tulikuwa tumeyasahau. Alikaa pale miaka miwili, hadi Mungu alipomwita. Mkamwana wake hutuambia kwamba miaka hiyo miwili ndiyo aliyomfahamu mama mkwe wake, ingawa waliishi nyumba moja kwa miaka kumi na moja. Kabla ya hapo walikuwa wakionana mlangoni tu, mmoja anapeleka chai, mwingine anarudisha kikombe.

Anza na ulichonacho

Kama huna fedha ya kujenga yote, jenga kwa vipande. Mwezi huu panga mawe mlangoni ili usikanyage tope. Baada ya mavuno tengeneza kichanja kimoja cha fito, cha kimo cha kiuno, cha vyombo na mahindi. Mwakani tofali za benchi. Kabla ya yote, toka nje siku moja saa 3 asubuhi, kisha saa 9 alasiri, uweke kijiti mahali kivuli kinapoishia. Mafundi wengi hawakuulizi swali hilo, nawe ndiwe utakayekaa hapo.

Na kama nyumba yako bado ni ramani mkononi mwa fundi, hapo una bahati kutuzidi sisi. Mwambie arefushe bati la nyuma kwa mita 2 na nusu, na ainue sakafu hiyo pamoja na msingi wa nyumba. Itagharimu kidogo kuliko kuja kubomoa na kuunga baadaye. Kisha umwonyeshe mahali pa benchi, na kimo chake, na nani atakayelikalia.