Neno Lisiloandikwa

Wajapani wana kisanduku wanakiita suzuribako. Ni cha mbao iliyopakwa laka, na ndani yake hukaa vifaa vya khati: jiwe la kusagia wino, brashi, kichombo cha kudondoshea maji, na kipande cha wino mkavu wa masizi na gundi. Kabla hujaandika herufi hata moja, unasaga kwanza, taratibu. Mimi ninayemalizia habari kwenye simu ndani ya daladala nawaonea wivu.

Ila kilichonikamata ni kimoja tu, cha Hon'ami Kōetsu, aliyefariki mwaka 1637. Kipo Makumbusho ya Taifa ya Tokyo. Kifuniko kimevimba kama kilima, kote dhahabu yenye mashua zilizopangwa, na juu yake limekatiza bamba zito la risasi. Bamba hilo ndilo daraja. Herufi za fedha zilizotawanyika ni shairi la kale la mapenzi, lakini neno moja halimo: funabashi, daraja la mashua. Yaani hulisomi, unaliona.

Kazini kwetu neno hilo lingerudishwa fasta. "Msomaji asihangaike," wanasema, na tunaishia kumwandikia kana kwamba hana macho. Kōetsu alimwamini mtu wake; anayefungua kisanduku kuchukua brashi naye ni mwandishi. Na risasi, jamani! Katikati ya dhahabu yote ile, madini ya bei chee ndiyo yamebeba neno.