Mita Nne

Mjomba alibonyeza kitufe mara ya tatu, akasogeza simu mbali kidogo na macho, akaniuliza, "Mbona hii ya kwako haipandi?"

Tulikuwa barazani kwake Mkongo, mwaka mmoja baada ya mafuriko ya Aprili 2024. Mahindi yake na mpunga wote ulikwenda na maji, na dungu alilokuwa akilala kulinda ndege na nguruwe lilikwenda pia. Kijijini watu walikuwa bado wanabishana kama ni mvua au ni bwawa la Julius Nyerere huko juu. Mimi nilikuwa nimetoka chuo na kompyuta, na nilikuwa nimemwahidi kitu. Nilimwambia nitatengeneza ukurasa utakaoonyesha mto unavyojaa.

Kanuni yenyewe ni ya Robert Manning, mhandisi wa Ireland, ya mwaka 1889. Ukijua upana wa mto, mteremko wake na ukwaruzo wa kitanda chake, kanuni inakupa kiasi cha maji kinachopita kwa kila kina. Tatizo ni kwamba mimi nilitaka kinyume chake: nina kiasi cha maji, nataka kina. Huwezi kuigeuza kanuni hiyo kwa kalamu, maana kina kimejificha sehemu mbili ndani yake. Inabidi ubahatishe kwa utaratibu. Unachukua kina cha chini na cha juu, unajaribu katikati. Maji yakizidi, jibu liko nusu ya chini. Yakipungua, liko nusu ya juu. Unakata tena. Kutoka mita 16, ukikata mara kumi unabaki na pengo lisilofika sentimita 2.

Nilitaka mjomba aone kukatwa huko kwa macho: mstari wa bluu unaruka juu, chini, juu, mpaka unatulia.

Siku ya kwanza ukurasa ulifunguka mweupe pe. Mjini nilikuwa nimetumia maktaba ya grafu inayovutwa kutoka intaneti, na Mkongo bando langu lilikuwa linavuta kwa kusitasita. Nikaifuta, nikachora kila kitu mwenyewe kwa JavaScript ndani ya faili moja, kompyuta ikawa seva na simu ya mjomba ikaunganishwa nayo bila intaneti. Siku ya pili nilipoongeza maji mto ulikauka, kwa sababu kwenye kioo cha kompyuta namba huhesabiwa kutoka juu kwenda chini, nami nilikuwa nimesahau. Shangazi alicheka mpaka akaweka ungo chini. Jioni kivinjari kiliganda: nilikuwa nimeiambia programu iendelee kukata hadi ncha mbili zikutane, na namba za kompyuta wakati mwingine hazikutani kabisa, zinabaki jirani milele.

Hayo yote niliyarekebisha. Hili la mjomba sikuliona.

Aliweka maji mita za ujazo 1,000 kwa sekunde, akapata mita 4.00. Akaweka 2,000, akapata 4.00. Akaweka 3,000. Mstari ulirukaruka vizuri, ukatulia kwa adabu zake, 4.00.

Niliichukua simu. Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilisikia joto usoni. Nilikuwa nimeandika kina cha juu kuwa mita 4, namba niliyoitoa kichwani, na sikuweka mahali popote swali la kwanza ambalo njia hii inalihitaji: je, jibu liko kweli kati ya ncha hizi mbili? Kama haliko, programu haitoi kosa. Inaendelea kukata, inajibana kwenye ukingo, inakupa ukingo kama jibu, na desimali mbili juu yake.

"Mjomba, ilikuwa inakudanganya," nikasema.

"Yenyewe au wewe?"

Niliweka 16 badala ya 4, na onyo jekundu kama jibu liko nje. Kwa mto wangu wa kubuni, sanduku la upana wa mita 200, maji 2,000 yakatoa 6.22. Mjomba akatikisa kichwa. "Mto hauko hivyo. Maji yakishatoka mtoni hayapandi tena sana. Yanatembea." Alikuwa sahihi, sanduku langu halikuwa na bonde pembeni.

Kisha akauliza lile nililokuwa naliogopa tangu mwanzo. "Sasa mwaka huu nijenge dungu wapi?"

Sikujibu haraka. Lau asingebonyeza mara tatu, huenda angejenga la mita nne na nusu, akalala juu yake kwa amani. Nilimwambia ukurasa haujui shamba lake, wala haujui bwawa litafungua maji kiasi gani.

"Basi twende ukalione."

Asubuhi tulishuka bondeni na futikamba ya fundi. Mwaka ule wa maji alikuwa amefika kwenye mwembe wake kwa mtumbwi, akaukata panga mahali maji yalipogusa. Kovu lilikuwa limeanza kufunga. Nilishika ncha ya chini kwenye mizizi, yeye akanyoosha mkono hadi kwenye kovu, hakufika, akaniambia nitafute kitu cha kupandia.