Umecheza na Nani?

Wanachuo wenzangu, kabla hamjanicheka kwa kuandika habari za mpira wenye umbo la yai, nisikilizeni kwanza. Nilisoma mwaka mmoja katika chuo kimoja cha jimbo la Ohio, Marekani, na kule mpira wa vyuo si bonanza la Jumamosi kama letu. Kuna vyuo vyenye viwanja vinavyoingiza watu zaidi ya laki moja. Chuo changu hakikuwa na uwanja wa namna hiyo. Tulikuwa MAC, moja ya yale makundi madogo ya vyuo ambayo wao wanayaita konferensi, na mwezi Novemba tulicheza Jumanne au Jumatano usiku, baridi ya kukata masikio, kwa sababu Jumamosi televisheni ina wakubwa wake.

Kwenye ankara ya ada kulikuwa na pesa ya michezo. Vyuo vya aina ile hutegemea sana pesa ya wanafunzi kuendesha timu. Uende uwanjani usiende, umeshalipa. Basi nikaona nina haki ya kuuliza: hii timu ninayoichangia, ikishinda mechi zote, inakwenda wapi?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa popote, ila si kwenye ubingwa wa taifa. Mwaka 2017 timu ya UCF, ya kule Orlando, ilicheza mechi 13 ikashinda zote 13. Ya mwisho waliwapiga Auburn 34–27, na Auburn hao hao msimu ule walikuwa wamewafunga Alabama na Georgia. Sasa fainali ya taifa walicheza akina nani? Alabama na Georgia! UCF kamati ilikuwa imeshawaweka nafasi ya 12, na zilizokuwa zinahitajika ni timu nne tu. Wakajitangazia ubingwa wenyewe, wakafanya na gwaride. Watu waliwacheka sana. Mimi siwacheki.

Maana kamati ile ni watu 13 wanaokaa chumbani kupiga kura nani bora, na swali lao kwa mdogo ni lile lile: umecheza na nani? Hapo ndipo mtego ulipo. Wakubwa hawaendi kucheza kwa wadogo, labda mara moja moja. Wanamwita mdogo kwao na kumlipa, wakati mwingine zaidi ya dola milioni 1 kwa mechi moja, aje apigwe mbele ya mashabiki wao. Mdogo anakwenda, kwa sababu pesa ile inalipa mishahara. Akifungwa, si mmeona wenyewe? Akirudi kwenye konferensi yake akashinda zote, eti hakucheza na mtu.

Na hawafungwi kila siku. Septemba 2024 Northern Illinois, wa MAC yetu, walikwenda kwa Notre Dame wakashinda 16–14. Northern Illinois walipoteza mechi nyingine baadaye, kwa hiyo sisemi walistahili kucheza mtoano. Ila Notre Dame walifika fainali ya taifa msimu ule ule.

Mwenzangu wa chumbani alikuwa shabiki wa kufa na kupona wa Ohio State. Aliniambia, "Bingwa wenu akija kwetu anakula hamsini." Nikamwambia sawa, ale, lakini azile uwanjani. Nikamsimulia Oktoba 2021, Jwaneng Galaxy wa Botswana walivyokuja kwa Mkapa, Simba ana mabao mawili ya ugenini mkononi, wakashinda 3–1 na kumtoa. (Wana Simba mnisamehe, ilibidi.) Hakuna kamati iliyowauliza Galaxy wamecheza na nani. Walikuwa mabingwa wa kwao, basi. Jamaa alinyamaza kidogo, akauliza Botswana iko wapi.

Haki itendeke, mambo yamebadilika. Tangu 2024 mtoano una timu 12, na mabingwa watano wa konferensi wana nafasi, kwa hiyo angalau mdogo mmoja anaingia. Mwaka huo aliingia Boise State. Mwaka 2025 wakaingia wawili, Tulane na James Madison. Tulane akafungwa 41–10, James Madison 51–34, na kelele zikaanza: mnaona, hawafai. Kumbe Tennessee, wa konferensi kubwa ya SEC, alipochapwa 42–17 na Ohio State mwaka mmoja nyuma, hakuna aliyesema SEC ipunguziwe nafasi. Na fainali ya Januari 2023 iliisha 65–7, wakubwa kwa wakubwa.

Mimi ningetaka timu 16: mabingwa wa konferensi zote 10 za daraja la juu waingie, nafasi sita zinazobaki kamati igawe ipendavyo. Wamarekani hili wanalijua. Kwenye kikapu cha vyuo kila bingwa wa konferensi anaingia, na ndiyo maana mwaka 2018 UMBC, chuo ambacho wengi walikuwa hawajakisikia, kiliitoa Virginia, namba moja wa nchi nzima, kwa 74–54. Mashindano yale yanapendwa kwa ajili ya siku kama hizo.

Tatizo ni nani anaamua. Kuanzia 2026 SEC na Big Ten ndizo zenye sauti kubwa kuhusu muundo wa mtoano, na ndizo zinazochukua zaidi ya nusu ya mapato yake. Wapo wanaopendekeza wadogo watengewe mtoano wao wenyewe, wapeane kikombe huko huko. Yaani washushwe daraja bila kufungwa, na wanafunzi waendelee kuilipia timu kwenye ada.